Wapita Njia Elfu Moja na Mia Moja

Watu wa mtaani humwita Bi Kalamu. Mimi namwita wifi, kwa kuwa ni dada wa mume wangu, tumbo moja, na kwa miaka ishirini na mmoja ya ndoa yangu sijawahi kukaa naye nusu saa bila kumsikia akitaja bei ya kitu. Akiingia nyumbani kwangu hutazama kwanza ndoo ya unga, halafu ndiyo ananisalimia. Si uroho. Ni mtu asiyeamini kuwa kitu kipo mpaka ajue ni kiasi gani. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, wenzangu waliuliza amefanana na nani. Yeye aliuliza ana kilo ngapi, nilipomjibu akatikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa kwa mfanyabiashara wa jumla, muuza vyombo, misumari, rangi na kila kinachoingia kwenye katoni. Aliajiriwa kufagia. Mhasibu wa pale, mzee mwenye kikohozi, alimkuta siku moja ameinamia daftari la mapokezi, fagio mkononi, akamuuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba hesabu ya Jumanne haijafunga. Na kweli ilikuwa haijafunga. Mwezi haukwisha, fagio akapewa mwingine. Alikaa kwenye ofisi ile miaka ishirini na sita, kwenye dirisha lilelile, chini ya feni iliyozunguka siku ikijisikia, mpaka tajiri alipofariki na wanawe wakagawana kila kitu na kufunga milango.

Katika miaka hiyo ndimo alimomlea mume wangu. Mama yao alifariki kijana ana miaka tisa, baba alikuwa ameshaondoka zamani, akabaki yeye. Kijana akitoka shule alikuja kukaa chini ya meza ya ofisi, na dada yake akamfundisha kujumlisha na kugawanya kwa njiti za kiberiti. Alimsomesha, akamlisha, akamtafutia kazi kiwandani, akanikabidhi akiwa tayari anajua kupiga pasi suruali yake mwenyewe. Yeye hakuolewa. Wachumba walikuja, sisemi hawakuja, lakini kila mmoja aliulizwa mshahara wake na matumizi yake ya mwezi, na hakuna aliyerudi mara ya tatu.

Ofisi ilipofungwa akaweka meza yake kwenye baraza la duka la fotokopi. Kazi aliyoifanya pale ina jina refu na mapato mafupi: kuwakadiria watu gharama za kuanzisha biashara. Chama cha akiba na mikopo hakitoi hela bila karatasi, na karatasi yenyewe haiandikwi na kila mtu. Ndipo wakawa wanakuja kwake, mmoja mmoja, na ndoto zao.

Gharama za kuanzia watu huzijua nusu. Mtu anakuja na bei ya bidhaa na kodi ya mwezi mmoja kichwani, basi, ameshajiona tajiri. Wifi alikuwa akimkalisha chini na kumtoa jasho. Mwenye chumba anataka kodi ya miezi mingapi mbele? Dalali je? Leseni? Mizani? Rafu anapigilia nani, na mbao zimetoka wapi? Makufuli mangapi? Na ile miezi ya mwanzo ambayo watu wanachungulia tu na kupita, wewe na watoto mtakula nini? Akimaliza hapo anashika taarifa ya mapato na matumizi, mwezi kwa mwezi kwa mwaka mzima, kisha mizania: upande huu mali, upande huu mtaji na madeni. Kulikuwa na mstari mmoja ambao nadhani alikuwa nao yeye peke yake. Aliuandika "Ndugu na jamaa". Alikuwa akimuuliza mtu ana mashemeji wangapi wanaoishi karibu, anapiga hesabu, halafu anaweka asilimia ya mauzo kwenye hasara. Watu walicheka, na baada ya mwaka walirudi kumwambia aliweka kidogo.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kuhesabu watu. Hakumwandikia mtu makisio ya mauzo kabla hajakaa siku sita mbele ya chumba chenyewe, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Nilimshonea gauni la mifuko miwili mikubwa kwa ajili hiyo. Mfuko wa kulia alijaza punje za mahindi na maharage machache, na kila mtu mzima aliyepita alihamisha punje moja kwenda kushoto. Akiingia mtu kwenye duka la jirani, alihamisha haragwe. Jioni anamwaga mezani, anahesabu, anajua wamepita wangapi na wangapi kati yao ni wanunuzi. Hakumwamini dalali, hakumwamini mwenye chumba, na mwenye ndoto ndiye hakumwamini kabisa.

Na alikuwa na ulimi, Mungu anisamehe. Kijana mmoja alitaka kufungua duka la manukato karibu na stendi. Wifi alikaa siku zake sita, akamrudishia karatasi tupu. "Mdogo wangu," akamwambia, "hapa wanapita watu mia tisa kwa siku, wote wananuka jasho na wote wameridhika nalo. Rudi nyumbani na hela zako." Kijana alimtukana hadharani. Miezi mitatu baadaye mwingine akafungua manukato palepale, akafunga, na yule wa kwanza akamletea wifi chupa moja ya shukrani. Hajawahi kuifungua. Alisema ataiuza.

Ndivyo alivyopata jina. Watu walisema Bi Kalamu hakosei, na yeye hakuwakatalia.

Sasa nije kwetu. Mume wangu alikuwa mwendesha mashine kwenye kiwanda cha sabuni, miaka ishirini na miwili, mpaka walipoleta mashine isiyohitaji mtu. Wakampa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo cha milioni nane na laki mbili. Zile hela ndizo pekee zilizotuzuia kulala barabarani. Hatukuwa na shamba, nyumba ni ya kupanga, binti mkubwa yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu na wawili bado wanasoma. Kingine cha maana tulichokuwa nacho ni cherehani yangu, ile nzito yenye mota, inayotarizi, niliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka miwili na nusu. Kwa cherehani ile nilikuwa nalipa kodi ya nyumba.

Mume wangu hakuwaza mara mbili. "Nitafungua duka la vyakula na mahitaji ya nyumbani," alisema. "Dada atanipigia hesabu." Nilimwambia tungoje kidogo, hela haiozi. Akanitazama kama nimetukana dini. Kwake yeye dada yake kupiga hesabu na jua kuchomoza ni kitu kimoja.

Chumba kilipatikana upande wa pili wa mji, mtaa ambao wifi alikuwa haujui. Akaenda na gauni lake, akakaa kwenye benchi la fundi viatu aliyekuwa mkabala, siku sita. Siku ya kwanza punje zilimwishia saa nane mchana, ikabidi akanunue mahindi mengine. Wastani ukawa watu elfu moja na mia moja kwa siku. Alirudi nyumbani kwangu Jumamosi ile uso unang'aa, na wifi hang'ai ovyo. "Mdogo wangu," alisema, "una bahati."

Kwa mtu mwingine yeyote angemhoji fundi viatu mpaka amchoke. Njia hii iko hivi siku zote? Tangu lini? Kuna shule imefunguliwa, kuna soko limehamishwa? Ndiyo yalikuwa maswali yake ya kila siku. Fundi mwenyewe alimwambia kwamba siku hizi mtaa umechangamka, na yeye akaitikia tu, akahamisha punje. Aliniambia baadaye kwamba swali lilimjia mdomoni akalimeza. Alitaka hesabu ile iwe ya kweli. Kwa miaka yote alikuwa akiwarudisha watu na hela zao nyumbani; mara moja hii alitaka kumwambia mtu ndiyo, na mtu huyo awe mtoto aliyemlea.

Karatasi yake ninayo mpaka leo. Kodi ya chumba miezi sita, milioni moja na nusu. Dalali, laki mbili na nusu. Leseni, laki moja na themanini. Rafu na kaunta, laki sita na ishirini. Mizani, laki moja na nusu. Friji la mtumba, laki saba. Rangi, bango, umeme na makufuli, laki tatu. Bidhaa, milioni tatu na nusu. Fungu la dharura, laki nane. Jumla milioni nane kamili. Halafu mauzo: katika kila wapita njia mia, wanane watanunua, kila mmoja wa elfu mbili na mia tano, siku ishirini na sita kwa mwezi. Faida ya bidhaa asilimia kumi na tano. Miezi mitano ya mwanzo aliikata mauzo, kwa kuwa duka ni geni, akaonyesha hasara inayopungua pole pole. Mwezi wa sita namba ikageuka, na hapo alipiga mistari miwili kwa kalamu yake nyekundu. Hata mimi nisiyependa hesabu niliiona nzuri. Tulipika vizuri siku ile.

Mwezi wa kwanza ulikwenda kama karatasi ilivyosema. Mume wangu alirudi jioni miguu imevimba na mdomo haufungi kwa hadithi za wateja. Wiki ya tano watu wakapungua. Wiki ya sita mtaa ukawa mweupe.

Kumbe barabara kubwa ya nyuma ilikuwa imefungwa miezi minne, wanafukia bomba la maji. Watu wote waliokuwa wakipita huko walikuwa wamegeuziwa mtaa wetu. Bomba likafukiwa, barabara ikafunguliwa, kila mtu akarudi kwenye njia yake. Hakuna aliyetuchukia wala kutuloga. Walikuwa wanakwenda zao tangu mwanzo.

Hayo ya barabara wakati ule mimi sikuyajua. Nilikuwa nyumbani na cherehani yangu, mtaa ule sikuwa naujua hata vichochoro vyake. Niliambiwa biashara imelala, nikaamini biashara hulala. Wifi alijua. Siku moja ya mwezi wa pili alikuja dukani kumtembelea mume wangu, akaona ukimya, akavuka kwenda benchi la fundi viatu akakaa pale mpaka jioni. Watu mia tatu na kumi na wawili. Akamuuliza fundi lile swali alilolimeza, fundi akamwonyesha kwa kidole. Akaenda mwenyewe kuitazama ile barabara, udongo bado mbichi juu ya bomba na watu wanapita juu yake kundi kwa kundi.

Alipiga hesabu jioni ileile. Duka likifungwa sasa, bidhaa zikirudishwa kwa wauzaji wa jumla kwa bei ya kupunguza, mwenye chumba akibembelezwa arudishe nusu ya kodi iliyobaki, friji na mizani viuzwe, fungu la dharura lipo lote: tungetoka na kama milioni tano. Milioni tano! Binti yangu angemaliza chuo kwa hela hizo, na zingebaki. Aliikunja karatasi ile akaiweka chini ya godoro. Kesho yake akaja dukani, akamwambia mume wangu, "Biashara changa ni kama mtoto, inahitaji uvumilivu." Mtu ambaye hajawahi kusema maneno ya uvumilivu maishani mwake! Ningekuwepo ningemshtukia papo hapo.

Baada ya hapo akaanza ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka sijui nicheke au nilie. Akawa anachukua akiba yake ya uzeeni na kuwapa watu wakanunue kwetu. Mwenye fotokopi, wapangaji wenzake, mama mmoja wa kufua nguo, aliwapa nauli na hela ya kununua sabuni, mafuta, chumvi, wampelekee. Chumbani kwake miche ya sabuni ilipanda mpaka usawa wa dirisha. Aliyaunga mkono makisio yake kwa mfuko wake mwenyewe. Huku mezani kwake watu walianza kusema Bi Kalamu amebadilika: kila anayekuja na ndoto anaambiwa hapana kabla hajakaa. Hakwenda tena kuhesabu mtaa wa mtu.

Mwezi wa tatu fungu la dharura likaliwa. Tulilila sisi, kwa ugali na daftari za watoto. Mwezi wa nne mume wangu alikuwa akipanga katoni tupu kwenye rafu za juu, maandishi yakitazama mlango, ili duka lionekane limejaa. Binti yangu akarudi kutoka chuo na sanduku lake, akasema ameamua kupumzika mwaka mmoja. Hakuna aliyemuuliza ameamua kwa sababu gani. Akaanza kufua nguo za watu.

Mwezi wa tano mume wangu alikuja akakaa mbele ya cherehani nikiwa natarizi shuka za bibi harusi. Akaitazama kwa muda.

"Mama watoto," akasema, "karatasi ya dada inasema mwezi wa sita tunaanza kuona faida. Umebaki mwezi mmoja. Tukikosa bidhaa sasa hivi, tumepoteza yote."

"Unataka nini?"

"Tuiuze. Faida ikianza kuingia nakununulia mpya."

Nilikataa siku nne. Siku ya tano nikamwita wifi, maana nilisema mimi nitaamini neno la mwenye hesabu. Alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakutazama hata ndoo ya unga. Nikamuuliza, "Wifi, niambie wewe. Niuze?"

Akatazama mikono yake. "Karatasi ndivyo inavyosema," alijibu.

Ikauzwa laki tano na nusu, kwa fundi cherehani ambaye hakuficha furaha yake. Vijana wake walipoibeba kutoka mlangoni mmoja wao aliigonga kwenye fremu, nikamwambia taratibu, kana kwamba bado ilikuwa yangu. Hela zikawa sukari, unga na mafuta ya kula, na mimi nikahamia dukani kusaidia kungoja wateja. Hapo ndipo nilipoyaona kwa macho yangu. Niliona siku inavyopita bila kufungua mfuko wa sukari. Nilishikwa na kiwewe, lakini kila nilipofungua mdomo mume wangu alisema mwezi wa sita. Mwezi wa sita ukaja, ukapita. Mwenye chumba akataka miezi sita mingine mbele. Hatukuwa na hata mmoja.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumatatu, asubuhi, jua limeshapanda. Nilidhani tutapakia tu na kuondoka kimya kimya. Wifi akatokea na daftari lake, amekonda mpaka gauni la mifuko linamning'inia. Akasema duka halifungwi bila mizania ya mwisho. Nikamwambia wifi, mtu akifa huendi kumpima uzito. Mume wangu akaniomba nimwache.

Basi akakaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, daftari magotini. Mume wangu anataja, yeye anaandika, mimi nafunga kwenye magunia nyuma ya kaunta. Unga, mifuko sita. Chumvi, paketi thelathini na moja. Viberiti, dazeni mbili. Mizani, moja. Alikuwa anaandika taratibu sana, kila namba kama anaichonga. Walipofika kwenye sabuni kalamu ikasimama.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikosea."

Mume wangu alikuwa na mche wa sabuni mkononi.

"Nilihesabu watu wa barabara nyingine. Wale hawakuwa wa kwako. Nimejua tangu mwezi wa pili." Akaeleza yote, bomba, benchi la fundi viatu, mia tatu na kumi na wawili, karatasi iliyo chini ya godoro, milioni tano. Hata zile sabuni za kununulisha watu alizitaja, na idadi yake: miche mia mbili na nane. Mimi nilikuwa nimesimama na gunia mkononi nimekuwa gogo. "Niliona aibu," alimaliza. "Sikujua nitakutazamaje."

Nilimngoja mume wangu apige kelele. Ningempenda sana siku ile kama angepiga kelele. Akauweka ule mche juu ya rafu, polepole, akamwendea dada yake na kuchuchumaa mbele ya kreti.

"Dada, najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu mwezi wa pili. Wewe ulinifundisha kuhesabu. Nilikaa hapa kaunta na njiti za kiberiti, siku tatu. Siku ya tatu nikaenda kuiona barabara." Akaonyesha sabuni kwa kidevu. "Na wateja wako niliwajua. Mtu anatoka upande wa pili wa mji kuja kununua mche wa sabuni?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Umenilea. Watu wanasema hukosei. Nikifunga mwezi wa pili, mji mzima utajua Bi Kalamu kamfilisi mdogo wake. Nikasema nijikaze, labda mwezi wa sita Mungu atajalia, hutajua kabisa kama ulikosea."

Wifi akaanza kulia, kilio kile cha mtu asiyejua kulia, bila mpangilio. Mume wangu akamshika mabega, naye machozi yanamtoka. Walipendana sana pale, kaka na dada, mbele ya mizani na mifuko sita ya unga. Mtu mwingine angewaonea huruma. Mimi niliachia gunia nikatoka nyuma ya kaunta.

"Cherehani iliuzwa mwezi wa ngapi?"

Mikono ya mume wangu ikaachia mabega ya dada yake.

"Si nauliza? Wewe ulikuja ukakaa kitandani kwangu nikakuuliza uso kwa uso. Na wewe uliniambia faida ikiingia utaninunulia mpya. Mwezi wa ngapi?"

"Wa tano," mume wangu akasema, akitazama sakafu.

"Wa tano. Mwanangu anafua nguo za watu tangu wa nne. Mlikuwa mnaoneana haya, nyie ndugu wawili. Mmestahiana vizuri sana. Kwenye familia hii nzima asiyejua alikuwa mimi, na aliyelipia heshima yenu ni mimi na binti yangu."

Mume wangu akataka kunishika mkono, nikautoa. Nje kuna mtu alipita, akachungulia, akaendelea na safari yake. Nilirudi kwenye gunia langu nikaanza kulifunga, kamba inanikata vidole, nalia kwa hasira.

Kisha nikasikia wifi ananiita. Alikuwa amefuta uso kwa upindo wa gauni na kushika kalamu yake tena. Nilidhani ataniomba radhi, na nilikuwa nimeshaandaa jibu, la kuchoma.

"Wifi," akasema, "hizi laki tano na nusu za cherehani hazipo kwenye vitabu. Lazima niziandike. Niziweke upande wa mtaji au upande wa madeni?"

"Tofauti yake nini?"

"Zikiwa mtaji, na wewe ulikuwa mwenye duka pamoja nasi, na zimekufa na duka. Zikiwa deni..." Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Zikiwa deni, unatudai."

Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa. Akainua kichwa, na niliona kwenye uso wake kwamba anangoja niseme mtaji. Miaka ishirini na mmoja, vyote vyetu vilikuwa vyetu. Ningeweza kusema mtaji.

"Deni," nikasema. "Na uandike majina mawili."

Akaandika. Jina lake akaliweka la kwanza, la mume wangu la pili, tarehe ya siku ile pembeni. Mstari wa chini yake, bila kuulizwa, akaongeza ada ya chuo ya mwaka mmoja. Halafu akageuza daftari upande wangu na kunipa kalamu nisaini, na mimi nikasaini.